Motoka ya mazutu Lubumbashi: Passat 1.9 TDI, 406 HDi au C220 CDI? Jibu refu

Ndugu, umeuliza hivi: unaishi Bel-Air hapa Lubumbashi, kila wiki unakwenda Kolwezi na kurudi, siku zingine unazunguka mjini. Umepata motoka tatu za okazio (zilizotumika), zote za mazutu, yaani dizeli: Volkswagen Passat B5 1.9 TDI, Peugeot 406 2.0 HDi na Mercedes C220 CDI. Unataka kujua ipi inakula kidogo.

Zote tatu zinakula kidogo. Kwa hapa kwetu swali lenye uzito ni lingine: mazutu utakayoitia imepita wapi kabla ya kufika kwenye enjekteri (vile vipulizi vya mazutu ndani ya moteri), na ikifika na maji au vumbi, ni pyese (spea) gani itakufa kwanza. Ukilijibu hilo, chaguo linakuja lenyewe.

Hesabu kwanza. Kwenda Kolwezi na kurudi ni karibu kilomita 600. Motoka ya esansi (Dar na Nairobi wanaita petroli) ya lita 2.0 ya umri huohuo, ukitembea 90 hadi 100 kwa saa, inakula lita 8 hadi 8.5 kwa kilomita 100, yaani kama lita 50 kwa safari. Passat TDI au 406 HDi iliyo nzima inakula 5.5 hadi 6. C220 CDI 6 hadi 6.5. Chukua 6: ni lita 36. Umebakiza lita 14 kila wiki, zaidi ya 700 kwa mwaka. Kwa mwendo huo mazutu inalipa, hata ukitoa bei ya filtri na oili ambazo utabadilisha mara nyingi kuliko mtu wa esansi.

Ila kama mwenzako anazunguka mjini tu, kazini, shule ya watoto, soko la mtaa wetu wa Kenya, kilomita 25 kwa siku, hesabu inageuka. Tofauti hapo ni lita 2 na nusu kwa kilomita 100, ambayo ni lita 16 hivi kwa mwezi. Kutengeneza upya enjekteri nne za HDi kunameza akiba ya namna hiyo kwa muda mrefu sana. Tena moteri ya mazutu isiyofika kwenye moto wake inajaza masizi kwenye turbo na kwenye njia ya hewa. Mtu wa hivyo achukue Toyota ya esansi na alale usingizi. Nakujibu wewe wa Kolwezi.

Jambo jingine kabla ya pompe ya mazutu: hizi za Ulaya usukani wake uko kushoto, na sisi tunatembea kulia. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya lori za shaba na za asidi, hilo ni usalama kabla ya kuwa raha. Mwenye usukani wa kulia analazimika kutoa nusu ya motoka nje ndipo aone kama kuna mtu anakuja.

Sasa pompe, maana hapa ndipo motoka hizi zinapoachana.

Passat B5 za 1.9 TDI ni za aina mbili, na wauzaji wengi hawajui tofauti. Zile za mwanzo zina pompe ya kuzunguka ya Bosch, VP37: pompe moja inagawa mazutu kwa enjekteri nne kupitia mabomba ya chuma. Kodi za moteri (herufi zake za utambulisho) ni AHU, AFN, AHH, AVG. Za baadaye ni PD, yaani kila enjekteri ina pompe yake juu ya silinda, inasukumwa na shafti ya kamu hadi karibu bar 2,000. Kodi zake ni AJM, ATJ, AVB, AVF, AWX. Utaikuta kodi kwenye karatasi ya kubandika ndani ya buti, mahali pa tairi ya akiba, au kwenye kitabu cha matengenezo. Usiamini maandishi ya nyuma ya motoka, soma kodi.

406 HDi na C220 CDI ni reli moja ya presha: pompe inajaza bomba nene, enjekteri zinafunguliwa kwa umeme. HDi ya kwanza inafika bar 1,350. Nafasi kati ya sindano ya enjekteri na nyumba yake ni mikroni 2 au 3. Tone la maji likipita hapo chini ya presha hiyo linakula chuma, na vumbi la mikroni 5 linafanya kazi ya msasa. Tena mazutu yenyewe ndiyo oili ya pompe. Ikichanganywa na petroli (nawakumbusha wasomaji wa Dar na Nairobi: petroli kwetu ni mafuta ya taa), ulaini wake unapungua na pompe inaanza kujila, kisha vipande vidogo vya chuma vinakwenda hadi kwenye enjekteri zote nne. Hapo unabadilisha pompe, reli, enjekteri na kusafisha tangi, yote kwa pamoja. Ukibadilisha pompe peke yake, baada ya wiki chache umerudi palepale.

VP37 inavumilia zaidi. Haipendi uchafu, hakuna pompe inayoupenda, lakini inakupa ishara mapema: motoka inaanza kusumbua asubuhi, moshi unaongezeka, nguvu inapungua polepole. Reli ya presha inaamka vizuri Jumatatu na Jumanne inakuachia katikati ya Likasi na Fungurume. Ndiyo maana kwa safari zako naweka Passat ya VP37, hasa AFN au AVG ya farasi 110, mbele ya zote. Ya pili ni 406 HDi ya farasi 90 isiyo na filtri ya masizi. Passat ya PD ya tatu, kwa sababu ya oili nitakayoeleza chini. C220 CDI ndiyo yenye kiti kizuri na bwati (giaboksi) imara, na distribisio yake, ile inayozungusha kamu, ni ya mnyororo, lakini pyese zake na ugonjwa wa enjekteri zake unaujua mekanisie mmoja kati ya kumi.

Ukiletewa 406 yenye filtri ya masizi, ile Wafaransa wanaita FAP, iache. Passat B6 yenye filtri hiyo pia iache. Filtri hizi zinajichoma zenyewe zikipata moto mkali kwa muda, dakika 15 hadi 20 za mwendo wa barabara kuu bila kusimama, na ya Peugeot inahitaji dawa maalum inayochanganywa kwenye mazutu kutoka tangi dogo la pembeni. Nyingi zilizoko mjini tangi hilo limekauka zamani. B6 ya 2.0 TDI PD ina shida nyingine mbaya zaidi: kuna fimbo ndogo ya pembe sita inayozungusha pompe ya oili, pembe zake zinalika, siku moja oili haipandi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye hiyo, zima moteri palepale ulipo, hata kama uko katikati ya barabara. Sekunde 30 zinatosha kuua turbo na moteri.

Kwenda kuangalia motoka. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu ya moteri. Ikiwa ya moto, rudi kesho saa 12 asubuhi. Moteri ya baridi haifichi kitu. Washa huku mtu mmoja amesimama nyuma. Moshi mweupe wa sekunde chache unakubalika mwezi wa sita na wa saba. Moshi mweupe usiokoma na wenye harufu ya mazutu inayochoma macho ni mazutu isiyoungua: bujii za kupasha, kompresio au enjekteri. Wa bluu ni oili. Mweusi ukikanyaga ni hewa kidogo kuliko mazutu: filtri ya hewa, turbo, au bomba la hewa limepasuka.

Kisha fungua kifuniko cha oili moteri ikiwa inanguruma polepole, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikicheza kidogo ni kawaida. Kikirushwa, pistoni zinavuja, na bei uliyopewa ishuke sana au uondoke.

Kwa 406 na C220 dai kipimo cha marejeo. Mekanisie anachomoa vibomba vidogo vya kurudisha mazutu juu ya enjekteri, anaweka chupa nne zinazofanana, moteri inanguruma dakika 3 hadi 5. Chupa zikilingana, vizuri. Moja ikiwa na mara mbili au tatu ya nyenzake, enjekteri hiyo imekwisha. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi na hakihitaji mashine yoyote. Muuzaji akikikataa, jibu umelipata. Kwa C220 angalia pia kuzunguka enjekteri: ukiona lami nyeusi ngumu, au ukisikia chu-chu-chu moteri ikiwa baridi, ile washa, yaani pete ya shaba iliyo chini ya enjekteri, inavuja moshi. Pete yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Kazi ni kung'oa enjekteri iliyogandishwa na ile lami bila kuivunja, kusafisha kiti chake hadi king'ae, na kurudisha kwa bolti mpya. Bolti ya zamani imekwisha kuvutika. Ikirudishwa, lami inarudi.

Kwa Passat ya PD, chomoa kijiti cha oili na unuse. Harufu ya mazutu, au oili iliyopanda juu ya alama, maana yake mazutu inaingia kwenye oili kupitia gasketi ya pompe pacha au raba za enjekteri. Oili iliyochanganyika hailindi tena shafti ya kamu.

Kwa Passat ya VP37 angalia kibomba cheupe kinachotoka kwenye filtri kwenda kwenye pompe. Kinaonesha ndani. Mapovu machache yanayopita ni sawa. Mlolongo wa mapovu usiokwisha ni hewa inayoingia, na mara nyingi inatoka kwenye raba mbili ndogo za kile kiungo cha juu ya filtri. Ni kazi ya robo saa. Watu wameuziwa pompe nzima kwa ajili ya raba hizo.

Tuje kwenye mazutu yenyewe. Wauza mazutu ya bidoni (madumu) kando ya njia, kadhafi wetu, wanasaidia pale stesheni zinapokauka, siwatukani. Lakini bidoni imekaa juani, imefunguliwa na kufungwa, jana ilikuwa na esansi, juzi petroli. Jaza stesheni yenye magari mengi, kwani tangi la chini ya ardhi linalozunguka haraka halikusanyi maji. Usijaze wakati lori linamwaga mazutu pale stesheni: takataka ya chini inakuwa imetibuka, ngoja saa chache au nenda mbele. Majira ya mvua, kuanzia mwezi wa 11, usiache tangi chini ya robo usiku kucha, hewa iliyo juu ya mazutu inatoa jasho na jasho hilo ni maji.

Ukilazimika kununua bidoni, chukua chupa safi ya plastiki inayoonesha ndani, jaza, iweke wima nusu saa. Maji yanakaa chini na mstari unaonekana. Ukungu usiotulia ni maji yaliyochanganyika. Mchanga utauona chini. Petroli haionekani kwa macho, ila pua inajua: harufu ya taa ya chemli. Na mimina kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne au funeli yenye wavu laini. Kitambaa hakizuii maji, kinazuia mchanga tu, usijidanganye.

Kuna wanaomimina oili kidogo ya pikipiki kwenye tangi ili kulainisha pompe. Kwa VP37 sioni madhara ya kuogopa, faida nayo ni ndogo. Kwenye motoka yenye filtri ya masizi ni vibaya, majivu ya oili yanabaki humo na hayaungui. Pesa hiyo inunue filtri ya mazutu.

Filtri ya mazutu ndiyo moyo wa jambo hili lote. Kitabu kinasema kilomita 30,000 au zaidi, kimeandikwa kwa stesheni za Ulaya ambako salfa imebanwa chini ya sehemu 10 katika milioni. Hapa badilisha kila 10,000, ambazo kwa mwendo wako ni kama miezi minne. Kati ya hapo, kila 3,000 hadi 5,000, fungua parafujo ya chini ya filtri na uteremshe kama mililita 100 kwenye chupa. Maji yakitoka, endelea hadi mazutu safi ije, na ukumbuke ulijaza wapi.

Namna ya kubadilisha. Kwenye Passat ya VP37: chomoa mabomba ukiyawekea alama, jaza filtri mpya mazutu safi hadi juu, weka raba mpya kwenye kiungo cha juu, funga, washa, shika mizunguko 1,500 kwa dakika hadi mapovu yaishe. Ukiweka filtri tupu, moteri itawaka sekunde tano, itazima, na utaua batri kwa kuwashawasha. Kwenye 406 yenye kipira cha kusukuma kwa mkono, kiminye hadi kiwe kigumu. Isiyo na kipira, fungua kontakti (swichi ya ufunguo) bila kuwasha, ngoja sekunde 10, zima, rudia mara 4 au 5. Pompe ya ndani ya tangi itajaza njia. Na sikia vizuri hili: kwenye HDi na CDI usimruhusu mtu yeyote alegeze nati za enjekteri huku moteri inazungushwa ili kutoa hewa. Hiyo ni mbinu ya lori za zamani. Bar mia kadhaa zinapenya ngozi ya kidole kama sindano, mazutu inaingia mwilini, na mkono unaweza kukatwa.

Mhudumu wa stesheni akikutilia esansi kwa makosa, usiguse hata kontakti. Pompe ya tangi inaanza kazi ukifungua kontakti tu. Sukuma motoka pembeni, mwaga tangi lote, badilisha filtri, jaza mazutu.

Oili: kila kilomita 7,500, na hili siligeuzi. Kwa vumbi la mwezi wa nane na mazutu yetu, 15,000 ni nyingi mno. Passat ya VP37 inachukua 5W-40 au 10W-40 ya mazutu, karibu lita 4. PD lazima bidoni iwe imeandikwa VW 505.01, kamu ya PD inabeba mzigo wa kusukuma enjekteri, oili nyingine inailamba na unasikia tak-tak kisha nguvu inapotea kwenye silinda moja. Hapa mjini oili yenye maandishi hayo ya kweli haipatikani kila duka, na hiyo ndiyo sababu niliiweka PD ya tatu. 406 HDi inachukua lita 4.5, C220 karibu 6.5. Nunua bidoni ambayo muhuri wake haujaguswa, mahali ambapo wenye kampuni za malori nao wananunua.

Mkanda wa distribisio kwenye Passat na 406: ukinunua motoka, ubadilishe hata muuzaji akiapa. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Nunua seti nzima: mkanda, galeti (puli ndogo zinazoukaza) zote, pompe ya maji. Pompe ya maji ya zamani ikivuja baada ya miezi sita utalipa kazi yote tena. Baada ya hapo hesabu kilomita 80,000 au miaka 5 kwa TDI, 100,000 kwa HDi, usingoje namba za kitabu. Mekanisie lazima awe na pini za kufunga kamu na krenki. Anayechora alama kwa chokaa, asante, si kwa moteri hii. Kwenye HDi angalia pia puli ya chini ya krenki: ina raba katikati, raba ikiachana puli inayumba, mkanda wa nje unatoka, unaingia nyuma ya kifuniko na kuuvuta ule wa distribisio.

Filtri ya hewa mtu anaisahau hadi turbo ilie. Kuanzia mwezi wa tano hadi mvua, ifungue kila 5,000. Ipulize kutoka ndani kwenda nje kwa hewa ndogo, bar 2 zisizidi. Usiioshe, karatasi ikilowa matundu yanapanuka. Pitisha kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye filtri kwenda turbo. Ukikuta vumbi hapo, kuna klipu ya bomba imelegea na moteri inakula mchanga. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na Kolwezi zaidi ya 1,400, hewa tayari ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi. Turbo inafidia, lakini turbo yenye meno yaliyolika haifidii kitu.

Kuendesha. Watu wengi wa mazutu wanadhani kubana ni kubaki vitesi (gia) ya 5 kwa kilomita 45 kwa saa. Chini ya 1,500 moteri inapiga kwa mikupuo, na mikupuo hiyo inaua volani ya sehemu mbili, bimasi, lile gurudumu zito la nyuma ya moteri, kabla ya kumaliza ambreyaji (klachi). Dalili yake ni kong-kong ukizima moteri, na mtetemo kwenye pedali. Shusha vitesi. Barabarani, 100 kwa saa kwenye vitesi ya 5 Passat iko karibu 2,000, hapo ndipo inapokula kidogo. Kutoka 90 hadi 120 ukinzani wa upepo unaongezeka karibu asilimia 80, basi yule anayekimbilia Kolwezi kwa 130 asiseme TDI inakula.

Ukishafika na umetoka mwendo wa kasi, acha moteri inguruma nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kuzima, oili ipoze turbo. Na mara moja kwa wiki, moteri ikiwa ya moto, panda na vitesi ya 3 au 4 hadi 3,000 au 3,500 kwa dakika kadhaa. Mabawa ya ndani ya turbo yanayojigeuza yanaganda na masizi kwa mwendo wa mjini. Nguvu ikikatika ghafla kwenye mlima na kurudi ukizima na kuwasha, anza na mabawa hayo na vibomba vyembamba vya hewa ya kunyonya vilivyopasuka, kabla hujauziwa turbo nzima. Nguvu ikiwa ndogo muda wote, chomoa plagi ya kipima hewa: motoka ikienda vizuri zaidi bila hicho, kimekufa.

Bujii za kupasha: TDI inawaka bila hizo joto likiwa juu ya nyuzi 10 hivi, kwa hiyo zinaweza kufa mwezi wa pili na wewe ukajua mwezi wa saba saa 11 alfajiri. Zipime mwezi wa tano. Chomoa waya wake, weka kipima umeme: 0.5 hadi 1.5 omu ni nzima, isiyosoma kitu imekufa. Unapozifungua moteri iwe ya moto, na ikikataa usiipe nguvu. Mimina dawa ya kulegeza, ngoja usiku. Ikivunjika ndani, kichwa cha moteri kinashuka.

Chini ya motoka: sampo (bakuli la oili) ya Passat B5 ni ya aluminiamu na inaning'inia. Mwambie suderi (mchomeleaji) akukatie toli (bamba la chuma) ya milimita 3, iwe na tundu la kumwagia oili na nafasi za hewa, ifungwe kwa bolti nne. Mikono ya mbele ya Passat ni minane, kila jiwe la barabara ya Kasapa inalihesabu. Ukibadilisha, kaza bolti za raba motoka ikiwa imesimama chini kwa uzito wake, siyo ikiwa juu ya jeki, la sivyo raba mpya zinapasuka haraka. 406 ni rahisi zaidi hapo, unabadilisha biyelete (vijiti vya kuunganisha) na raba unaendelea.

Mwisho, pima ulaji mwenyewe, usisome tablo (dashibodi). Jaza hadi pompe ikate yenyewe mara ya kwanza, andika kilomita, tembea hadi Kolwezi na kurudi, jaza stesheni ileile hadi ikate. Gawa lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Andika kila wiki. Passat iliyokuwa inakula 5.8 ikifika 7 bila wewe kubadilisha mwendo, angalia kwa mpangilio huu: upepo wa tairi, freni inayoshika (gusa rimu baada ya safari, moja ikiwa ya moto kuliko nyingine ni hiyo), filtri ya hewa, kipima hewa, kisha termosta. Termosta iliyobaki wazi inafanya sindano ya joto ikae 70 badala ya 90, moteri inabaki baridi hadi Likasi, na kompyuta inaendelea kuitilia mazutu ya asubuhi njia nzima.